Mtambo wa Kurusha Katika Ghala la Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitie mikono mfukoni na nisiitoe mpaka saa ya chakula. Ilikuwa miaka ile ya sitini, bendera mpya bado haijapauka, nami nilikuwa kijana niliyetoka shule ya ufundi juzi tu, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe. Stesheni ya umeme ya mji wa Kitui ilikuwa banda la mabati lenye jenereta za dizeli, na nilikuja nimejiandaa kufungua kila nati iliyokuwamo. Msimamizi wetu, mtu mfupi aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alinitazama nikizungusha spana mpya mkononi, akacheka.

"Hiyo spana weka chini," alisema. "Leo kazi yako ni kuangalia. Mtu wa kukimbilia kugusa hazeeki hapa."

"Sawa, bwana."

"Na ukitaka kugusa kesho, uliza kwanza kama imezimwa. Nikikuambia imezimwa, usiniamini. Pima."

Basi nilitembea kutwa nzima kati ya mitambo ile, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kununua stesheni. Joto lilifanya hewa juu ya mabomba itetemeke, na kelele ilikuwa nzito kiasi kwamba baada ya muda niliacha kuisikia, nikabaki katika ukimya wangu mwenyewe nikiwaza taa za mji. Mpaka leo nikisinzia mchana kwenye kiti changu huwa narudi pale. Naona midomo ya Msimamizi ikisogea, sisikii neno, na moyo wangu umetulia.

Pale ndipo nilipoijua kapasita. Kwa vijana wasioifahamu, ni sanduku la chuma lenye vichwa viwili juu, na kazi yake ni kuweka umeme akiba, jinsi mtungi unavyoweka maji. Unaweza kukata kila waya, ukafunga mlango, ukaenda kulala. Asubuhi maji bado yamo mtungini. Mwenzangu mmoja hakulizingatia hilo. Alikuwa anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kila swichi imezimwa, na mimi nilikuwa nampigia hadithi ya harusi ya binamu yangu. Nilisikia mlio mmoja mkavu kama wa ubao kupasuka. Tulimtoa tumembeba, visigino vikiburuta, na ingawa aliishi, mkono wake wa kulia haukufumba tena. Niliumia sana. Nilikula kiapo bila shahidi kwamba mahali popote nitakapokabidhiwa, hakuna mtu atakayetolewa akiwa amebebwa.

Kutoka hapo nilihamishiwa Makueni, chini ya Inspekta wa Mitambo, nikawa natunza pampu za visima. Kwa muda mrefu makao yangu yalikuwa Mbumbuni, karibu na soko. Inspekta alikuwa mtu wa suruali nyeupe katika nchi ya vumbi jekundu, na hasira zake zote zilitokana na hilo. Nilimwomba ruhusa ya kutundika kibao penye kila swichi fundi anaposhuka kisimani, chenye maneno MTU YUKO NDANI. Aliguna.

"Musyoka, watu hawa hawasomi vibao."

"Basi nitafunga swichi kwa kufuli, bwana, na ufunguo nishuke nao."

"Ukifa huko chini na ufunguo je?"

"Angalau nitakuwa nimekufa kwa kitu kingine, si kwa umeme wako."

Alicheka mpaka akajipangusa macho, kisha akaninunulia makufuli. Nilipenda Mbumbuni. Jioni, pampu ikishazimwa, ningekaa juu ya bomba nikitazama vilima vikibadilika rangi, nikisikia wanawake sokoni wakifunga magunia ya mbaazi na kutaniana kwa Kikamba. Niliamini maisha yangu yangeishia pale.

Lakini miaka ya sabini ilipokuwa inakwisha aliletwa Profesa. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimepewa ghala la zamani la pamba nje kidogo ya mji wa Kitui, na Profesa alitafuta fundi mkuu wa kumjengea maabara humo. Alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, amesoma ng'ambo, na alikuwa na tabia ya kuzungumza nawe huku anaangalia juu ya kichwa chako. Nilidhani ni dharau. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa anaangalia mawingu.

"Bwana Musyoka, unaogopa umeme?" aliniuliza kwenye usaili.

"Naogopa sana."

"Vizuri. Mimi siuogopi, na najua hiyo ni hatari. Utaogopa kwa niaba yetu sote."

Nikapata kazi.

Alinieleza ndoto yake tukiwa tumesimama ndani ya ghala tupu, sauti zetu zikizunguka kwenye mabati. Alitaka kujenga mtambo wa kurusha vitu kwa nguvu ya sumaku. Ungekuwa bomba refu lililosimama wima, limezungushiwa koili za waya wa shaba toka chini mpaka juu. Ndani ya bomba unaweka kikopo cha aluminiamu. Umeme uliowekwa akiba kwenye kapasita nyingi ukifunguliwa wote kwa mpigo mmoja, koili inageuka sumaku kali kufumba na kufumbua, inakisukuma kikopo juu. Koili inayofuata inakipokea na kukisukuma zaidi, mpaka kinatoka kwenye tundu la paa bila baruti, bila moto wala moshi. Ndani ya kikopo kungekuwa na vipimo vidogo vya joto na unyevu.

"Kila Oktoba yanapita hapa mawingu yamejaa," alisema, "halafu yanaenda kunyesha kwingine. Nataka kuyauliza yamekosa nini kwetu."

Mkamba yeyote akisikia maneno hayo atafanya nini? Nilikuwa nimeshazika mifugo ya baba yangu katika kiangazi kimoja. Nilimwambia niko tayari kuanza siku hiyo hiyo.

Tulianza kwa kufagia. Pamba ilikuwa imeondoka ghalani miaka mingi, ila manyoya yake yalibaki kwenye kila mwamba wa paa, na pamba kavu na cheche haviwezi kukaa nyumba moja. Tulifagia, tukaosha, tukafagia tena, na bado asubuhi ungekuta vinyoya vimeshuka taratibu ndani ya miale ya jua. Havikuisha kamwe. Mwishowe vikawa sehemu ya kazi, maana kapasita zikijaa vinyoya vilivutwa na umeme, vikaelea kuelekea nyaya na kusimama wima juu yake. Ukiviona vimesimama ulijua usikaribie. Mwanzoni, kabla kuta za chumba hazijajengwa, nilikuwa nikivitazama kwa mbali, na nakiri nilikuwa nafurahi kama mtoto.

Kisha tukachimba shimo la ardhi. Kila mtambo wa umeme mkubwa lazima uwe na njia ya kuteremsha umeme uliopotea hadi udongoni, na udongo mkavu wa Kitui hautaki kupokea. Tulifukia bamba la shaba, tukajaza makaa na chumvi, na ilibidi shimo linyweshwe maji kila wakati. Fikiria hapo. Wanawake wanapita barabarani na punda waliobeba mitungi kutoka mtoni, na sisi watu wa chuo kikuu tunamwaga maji kwenye shimo lisilo na mche.

"Mnapanda nini humo?" waliuliza.

"Tunanywesha umeme, mama."

"Ai! Hata umeme una kiu Kitui!"

Tuliona haya, tukaanza kutumia maji tuliyonawia na kuoshea vyombo. Wanawake wa kanisa la jirani walipopata habari wakawa wanatuletea maji machafu ya nguo, kwa mizaha mingi, na tangu siku hiyo maabara ikawa na majirani.

Chumba cha kurushia tulikizungushia kuta za magunia ya mchanga, ili koili ikipasuka vipande viishie humo. Chumba cha kuongozea kilikuwa kando, chenye dirisha la kioo kinene linalotazama nje. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake wa shaba kwenye ubao. Ukiingia chumba cha kurushia unauchukua, na ufunguo mmoja ukikosekana ubaoni mtambo haujazi umeme hata ukiubembeleza. Mlango ulikuwa na swichi ya namna hiyo hiyo: ukiwa wazi, hakuna kitu. Palikuwa pia na fimbo ya ardhi, mti mrefu mkavu wenye ndoano ya shaba na waya unaokwenda shimoni. Baada ya kila jaribio unaitundika juu ya kapasita kabla hujaweka hata kidole. Mkuu wa Idara, aliyekuja kutoka makao ya chuo akiwa na haraka siku zote, aliongeza sharti lake: umeme ukianza kujazwa, mlango ujifunge kwa kufuli la sumaku, asiingie mtu. Wakati huo sote tuliliona wazo jema.

Fundi wangu msaidizi alikuwa Kioko, mwanamume wa miaka kama thelathini, mtaratibu, mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya, ambaye alivaa tai hata akiwa amelala chini ya meza anakaza skrubu. Nilimtania kuhusu tai hiyo mpaka nikachoka. Alikuwa ameoa msichana wa Mbumbuni aitwaye Ndunge. Kazi yake ya mwisho kabla ya kila jaribio ilikuwa kukagua chumba cha kurushia, kurudisha ufunguo wake ubaoni, kuufunga mlango kutoka nje, kisha kwenda kusimama kwenye ua kuzuia watu. Hakuwahi kukosea hatua hata moja.

Tulijaribu kwa umeme kidogo, tukaongeza, tukaongeza tena. Kikopo kilipotoka kwenye tundu la paa mara ya kwanza kilitoa mlio mwembamba, kikapanda kikimetameta, kikarudi. Profesa alikifuata kwa macho akiwa ameachama.

Halafu Mkuu wa Idara akaamua kuwe na siku ya wageni. Watoa ruzuku wangekuja kutoka mji mkuu kuona mtambo kwa macho yao, na baada ya hapo waamue kama maabara itaendelea au ifungwe. Alisema hivyo wazi mbele yetu sote.

"Wakiona kikopo kinaruka, mmepona. Wakirudi bila kuona kitu, msinilaumu mimi."

Ili sherehe ichangamke, aliwaalika pia majirani, na wanawake wa kanisa waje waimbe.

Siku hiyo mawingu yalikuwa chini, mazito, rangi ya jivu, yakipita polepole juu ya paa. Kama mawingu yangeagizwa, yangeagizwa hayo. Wageni waliketi nje chini ya turubai. Mimi nilikuwa chumba cha kuongozea pamoja na Profesa na Mkuu wa Idara. Kioko alikagua chumba cha kurushia, akaja akatundika ufunguo wake, tai imenyooka, akatoka kwenda kufunga mlango.

Sasa hapa nimweleze msomaji asiye wa kwetu kitu kimoja. Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni heshima kati ya mtu na mama wa mke wake. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawatajani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia kichakani mpaka mwingine apite. Na msifikiri kwamba shule au kanisa vilikuwa vimeiondoa. Mtu angeweza kuwa na digrii na Biblia vyote kwapani, akimwona mama mkwe miguu inageuka yenyewe.

Kioko alipofika mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, aliona wanawake wa kanisa wanakuja mstari mmoja kwenye kijia kati ya ukuta wa ghala na uzio. Katikati yao alikuwamo Mama Ndunge. Nilimjua mama huyo tangu enzi zangu za Mbumbuni, muuza mbaazi. Alikuwa amefika Kitui asubuhi hiyohiyo kumwona bintiye aliyejifungua, na wenzake wa kanisa wakamchukua waje naye waimbe. Kioko hakuwa na habari. Kijia kilikuwa chembamba, uzio upande huu, ukuta upande ule, kichaka hakuna. Mlango tu ndio uliokuwa wazi. Akaingia, akauvuta nyuma yake, akangoja mama apite.

Mimi chumbani mwangu niliona taa ya mlango imegeuka kijani. Funguo zote zilikuwa ubaoni. Kila kitu kilikuwa jinsi kanuni zilivyotaka. Nikageuza swichi, kufuli la sumaku likagonga, king'ora kikalia, na kapasita zikaanza kujazwa.

Kuzijaza kulichukua muda wa wimbo mmoja. Wanawake walikuwa wanaimba. Sindano ya mita ilipanda pole pole, na nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba sijawahi kuwa na siku nzuri hivi. Profesa alikuwa amesimama karibu na kioo, uso umeelekezwa juu. Sauti za wale akina mama zilitufikia kupitia kioo zimefifia, mawingu yakipita, na nilijihisi kama mtu anayeota huku macho yako wazi.

Ndipo wimbo ukakatika. Niliona mwanamke mmoja amesimama peke yake mbele ya viti, leso imemwanguka mabegani, mikono yote miwili juu. Alikuwa Mama Ndunge, na alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zote.

"Kioko! Kioko yuko ndani! Kioko! Kioko!"

Wenzake walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Mmoja aligeuza uso kabisa asione.

"Huyo mama amepatwa na nini?" Profesa aliuliza.

"Amelewa au amepagawa," alisema Mkuu wa Idara. "Musyoka, endelea. Imebaki kidogo."

Sikuangalia mita. Sikuangalia taa ya kijani wala funguo ubaoni. Nilikuwa nimesikia mama mkwe akilitaja jina la mkwe wake hadharani, mbele ya kanisa zima, na hilo halifanywi na mwanamke wa kwetu kwa ulevi wala kwa mzaha. Niligonga kitufe chekundu. Umeme wote ukamwagwa kwenye vikinza, yaani koili za kuuchoma umeme ukawa joto. Sindano ikaanguka. King'ora kikanyamaza jii, kufuli la sumaku likaachia.

"Umefanya nini wewe?" Mkuu wa Idara alifoka.

"Kuna mtu ndani."

"Funguo ziko zote! Kioko yuko uani!"

"Haya, nionyeshe Kioko."

Tulitazama uani sote watatu. Hapakuwa na mtu.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nakumbuka nilijilazimisha kungoja, nikapima, nikaingiza fimbo ya ardhi na kuitundika juu ya kapasita. Kioko alikuwa amelala kifudifudi kwenye pembe ya mbali, chini ya magunia, mikono kichwani, jinsi nilivyomfundisha. King'ora kilipolia alikuwa amekimbilia mlango, akakuta sumaku imeushika. Kufuli lililowekwa kuzuia watu wasiingie lilimzuia yeye asitoke. Alipiga mlango kwa ngumi na hatukusikia. Aliinuka polepole, vinyoya vya pamba vimemjaa kwenye nywele na nyusi, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Nje watu walikuwa wamesimama. Mama Ndunge alikuwa amekwisha kujifunika leso kichwani na kutupa kisogo, anatazama vilima. Kioko akapita nyuma yake akiwa ameinamisha uso, wakiachana umbali uleule wa kila siku. Wanawake wakaanza kulia. Na mimi pia nililia, sioni sababu ya kuficha.

Mkuu wa Idara alikuwa bado na haraka.

"Ameshatoka, si ndiyo? Mzima. Basi fungeni mlango turushe. Wageni wana gari la kurudi."

Nilichomoa ufunguo mkuu, nikautia mfukoni. "Leo haturushi."

"Unajua unaifunga maabara yako mwenyewe?"

"Najua."

"Profesa, mwambie fundi wako!"

Profesa alitazama juu. Yale mawingu aliyoyangoja miaka yote yalikuwa bado pale, karibu kabisa, yakijaa juu ya tundu la paa. Aliyatazama kwa muda, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama machoni.

"Zima kila kitu, Bwana Musyoka," alisema. Akaketi juu ya gunia la mchanga. Wageni wakanywa chai, wakaaga kwa adabu, wakaondoka bila kuona kitu.

Niliketi na Profesa siku zilizofuata nikimfundisha nthoni, naye alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Tulikuwa tumejenga maabara kwa ajili ya mtu msahaulifu, mzembe na mkaidi. Hatukuwa tumemfikiria mtu mwenye heshima. Tuling'oa kufuli la sumaku, tukaweka mlango unaosukumwa kutoka ndani. Tukatandaza kamba nyekundu kuzunguka kuta za chumba, ukiivuta popote umeme unamwagwa. Tukaweka kitufe kwenye pembe ya mbali kabisa, ambacho mkaguzi lazima akibonyeze kabla mlango haujafungwa, na mlango ukifunguka tena baada ya hapo, ukaguzi unaanza upya. Na tukakata njia ya pili, ya wageni peke yao, mbali na ya wafanyakazi.

Kioko alitaka pia nthoni iondolewe. Kwetu jambo hilo linawezekana. Mkwe hupeleka mbuzi na blanketi, wazee wakakaa, na tangu hapo mnaweza kusalimiana. Alinichukua niwe msemaji wake, tukaenda Mbumbuni. Tulipewa muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharage, Kioko akala nje na wanaume. Mimi niliingia nikasema maneno niliyotumwa, kwamba mkwe hataki tena kumkimbia mama aliyemwokoa. Mama Ndunge alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilimwona akiingia," alisema. "Nikageuza macho, ndiyo adabu. Nikajua atatoka. Chombo kikalia, nikaangalia uani, sikumwona. Nikamvuta mwenzangu nguo, nimwambie yeye aseme, lakini alikuwa anaimba amefunga macho. Ningefanyaje?"

"Ulifanya vyema, mama."

"Blanketi nitachukua, kuna baridi. Mbuzi mrudi naye, mtoto apate maziwa. Lakini nthoni muiache. Yule kijana aliingia mahali pa kufa ili asinivunjie heshima. Sasa mnataka nimwambie heshima yenyewe ndiyo ilikuwa mbaya? Mbaya ni mlango wenu."

Nilimwambia mlango tumeshautengeneza. Akasema basi hakuna maneno.

Tulirusha kikopo mara moja tu kwa umeme wote, katika mvua za Novemba, bila mgeni hata mmoja. Kikopo kilipanda, kikaingia ndani ya wingu, kikapotea. Tulisimama mvuani tukingoja. Mkulima mmoja alikileta siku ya pili kimefungwa ndani ya jani la mgomba, amekiokota kwenye mbaazi zake. Profesa alipata vipimo vyake. Ruzuku haikuja tena, kama Mkuu wa Idara alivyotabiri, na mwanzoni mwa miaka ya tisini chuo kilifunga kituo, kapasita zikapelekwa kwingine, Profesa akaenda kufundisha mbali. Kioko alichukuliwa na maabara nyingine kuwa msimamizi wa usalama. Mimi nikastaafu.

Vijana huniuliza kama sijutii ufunguo ule niliotia mfukoni. Nimejutia mambo mengi, si hilo. Nalala mchana mara kwa mara siku hizi, na vinyoya vya pamba huwa vinashuka usingizini mwangu, polepole, bila kufika chini. Lakini kuna kitu nilikuwa sijawahi kumuuliza Kioko katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Alipokuja kuniaga siku yangu ya kustaafu, mvi zimeanza, tai bado shingoni, nilimuuliza alikuwa anawaza nini pale chini ya magunia.

"Kuta zilikuwa nene," alisema. "Ngumi zangu hamkuzisikia, na mimi sikusikia mtu. Nikajua ndiyo basi. Nikaomba. Halafu nikasikia mwanamke ananiita kutoka juu, kwenye tundu la paa."

"Mama Ndunge."

"Sasa najua ni yeye. Lakini Mzee, tangu nimuoe Ndunge mama yake hajawahi kuniita. Sauti yake ikitamka jina langu, ningeijulia wapi?" Alitazama viatu vyake. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilidhani ni yeye. Nikafikiri, kumbe kufa kumeshapita, na hakukuuma. Nikaitika."